Kissa anachoma uzi kabla Lulu hajaruka

Asubuhi hii katika soko la nguo la Shahe, jijini Guangzhou, Kissa Mwakalinga amechuchumaa kando ya njia, kiberiti cha gesi mkononi. Anachomoa uzi kwenye pindo la ovaroli, anauwasha, anapikicha majivu kwa vidole. Anavuta ovaroli nyingine.

"Mama Lulu, leo unatambika?" anamtania Derick, Mtanzania mwenzake anayemfungia mizigo.

"Cheka tu, baba. Siku mwanao akipandishwa ndege ya viti viwili, utachoma mpaka soksi zake."

Kissa ni mfanyabiashara wa nguo kutoka Tukuyu. Binti yake, Lulu, wa miaka kumi na saba, ni kadeti Dar es Salaam, kwenye kikundi kinachowapa vijana nafasi ya kujifunza kurusha ndege bila ada. Ovaroli zao lazima ziwe pamba tupu. Pamba ikishika moto huwa majivu. Poliesta huyeyuka ikaganda kwenye ngozi.

Mama akajitolea kuwaletea kwa bei ya jumla. Hapo ndipo alipoteleza.

"Nilichoma uzi wa sampuli, ikawa pamba kweli. Mzigo wenyewe sikuufungua, maana kontena lilikuwa linafungwa," anasema. "Laoban, yule mwenye duka, akaniambia yiyang, ni zilezile. Nikamwamini."

Siku ya kwanza ya vijana kuruka, mkufunzi alichoma uzi mmoja. Ukayeyuka. Akasimamisha safari za kikundi kizima hadi zipatikane nguo nyingine.

"Lulu alinipigia analia, wenzake wanamwita Binti Feki," anasema Kissa. "Mimi nawaza, je, yule mkufunzi asingechoma?"

Uzi anaoushika sasa unajikunja, unabaki kidonge cheusi, kigumu. Mwenye duka, safari hii mwingine, anataka kumpunguzia yuan kumi.

"Bu yao," Kissa anamjibu, sitaki, na kuiweka ovaroli hiyo kando.

Kwa wazazi wenzake ana neno moja. "Mtoto akiletewa nguo ya kurukia, msiangalie lebo. Chomoeni uzi, kila nguo, hata kama aliyeleta ni mama yake mzazi."

Mizigo mingine itakwenda na kontena. Ovaroli hizi atazibeba mwenyewe kwenye begi, na amepanga kuwepo uwanjani Lulu atakaporuka.

"Kuogopa, naogopa. Ila kumnyima siwezi," anasema. "Nimeshamwambia, akishuka atanikuta palepale. Akinikuta nimefumba macho, asinicheke."