Nyekundu Iliyobaki Kwenye Mishono

Geng Suyun alikuwa mtu wa kunusa nguo. Ukimpa kitambaa, hakukipapasa kwanza; alikipeleka puani, akakwambia kilitiwa rangi ya mmea au ya kiwandani, na kama aliyekitia alikuwa na haraka. Nilifanya naye kazi miaka ishirini na sita katika idara ya mavazi ya studio ya filamu mjini Xi'an, yeye kwenye mapipa ya rangi, mimi kwenye cherehani. Kucha zake hazikuwahi kutakata. Siku moja kondakta wa basi alimwangalia vidole akamwambia aende hospitali haraka, damu yake haitembei. Suyun akamjibu, "Inatembea vizuri, kaka. Ni Jumanne tu. Jumanne nachovya buluu."

Baba yake alikuwa mtia rangi nguo huko Sanyuan, na babu yake vilevile. Yeye aliingia studio kwa sababu hiyo. Miaka ya mwanzo kazi ilikuwa nyepesi kwa kichwa na nzito kwa mikono: buluu ya wafanyakazi, kijani cha askari, na nyekundu ya bendera. Bendera zilikuwa nyingi, na nyekundu yake ilikuwa ileile moja.

Kisha wakaja waongozaji vijana, na kila mmoja alikuja na maana zake mkononi. Huyu anataka manjano ya udongo mpaka watu wamezwe na ardhi. Yule anataka kijani cha wivu. Mwingine alikaa idarani kwetu mchana kutwa akitueleza weusi wa paa na weupe wa ukuta, na jinsi familia nzima ingekosa hewa katikati yake. Suyun aliwasikiliza wote kwa adabu, akimaliza chai yake, halafu akauliza swali lake lilelile: "Nani ameivaa, na ameifua mara ngapi?"

Wengi walicheka. Luan Haifeng hakucheka. Aliandika lile swali kwenye daftari lake.

Huyu Luan alikuwa na miaka thelathini na miwili mwaka ule wa 1987, na filamu yake ilihusu mwanamke aliyeolewa na mchonga mawe ya kusagia. Bibi harusi anaingia kijijini na nguo nyekundu. Baada ya hapo nyekundu inapotea kabisa. Filamu inabaki udongo, vumbi, buluu iliyopauka. Mwishoni mume anaangukiwa na jabali, kijiji kizima kinamzika kwa nguo nyeupe, na katikati ya weupe ule mjane anatokea amevaa tena nguo yake nyekundu ya harusi.

"Nataka jicho la mtazamaji lichomeke," alituambia.

Suyun aliinuka akarudi kwenye mapipa yake. Nilimjua, kuondoka kule hakukuwa kwa kukubali.

Tulienda kupiga picha kijiji cha Shimaogou, juu kwenye vilima vya udongo wa manjano, watu wanakoishi kwenye nyumba zilizochimbwa ndani ya mlima. Ilikuwa Desemba. Wanakijiji ndio waliokuwa wawe waombolezaji, na kiongozi wao alikuwa Bibi Hao, mjane wa miaka sabini na kitu, ambaye katika misiba ya kweli ndiye aliyeitwa kuongoza vilio. Sauti yake ilivuka bonde.

Siku tuliyogawa nguo za msiba, Bibi Hao aliona ile nyekundu imetundikwa, akauliza ni ya nani.

"Ya mjane," mtu akamjibu.

"Mjane gani?"

"Wa kwenye filamu, Bibi. Ataivaa kumzika mumewe."

Bibi Hao akavua kilemba cheupe alichokuwa ameshavalishwa, akakikunja vizuri, akakiweka mezani. Wanawake wengine wakafanya hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine.

Luan alikuja mbio. "Bibi, ni mchezo tu. Ni sanaa."

"Mwanangu, harusi ni jambo jekundu, msiba ni jambo jeupe. Mke akimzika mume na nyekundu, huyo anashukuru amekufa. Mimi siwezi kumlilia mume wa mwanamke wa namna hiyo. Sauti haitatoka."

"Lakini yeye hashukuru! Nyekundu hapa inasema anampenda bado!"

"Inakwambia wewe," alisema Bibi Hao. "Mimi hainiambii."

Kazi ikasimama. Luan alijifungia na msaidizi wake, wakasikika wakigombana juu ya kuleta waombolezaji wengine kutoka mjini. Mchana Suyun akaenda kumgongea, na mimi nikamfuata kwa sababu nilitaka kusikia.

"Mwongozaji, niambie tena. Ile nyekundu inatakiwa iseme nini?"

Luan alikuwa amechoka. "Kwamba hajaacha kuwa mke. Basi. Kwamba harusi yake bado iko mwilini mwake."

"Hilo linaweza kusemwa na nyeupe."

"Nyeupe gani, Fundi Geng? Kuna nyeupe arobaini pale nje!"

"Nyeupe iliyokuwa nyekundu."

Ndipo akasimulia jambo ambalo mimi, niliyekula naye meza moja miaka kumi, sikuwahi kulisikia. Baba yake alikufa majira ya baridi ya mwaka 1960, mwaka wa njaa. Nguo zilinunuliwa kwa kuponi za serikali, na kuponi za mwaka ule zilikuwa zimekwisha. Mama yake hakuwa na kitambaa cheupe hata cha kufunga kichwani. Alichokuwa nacho ni nguo yake ya harusi, nyekundu, iliyotiwa rangi na baba mwenyewe kabla hawajaoana.

"Ilikuwa nyekundu ya maua," Suyun alisema, "siyo ya unga wa kiwandani. Ile ya maua inaogopa maji ya jivu. Mama aliiloweka siku mbili, akaisugua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mimi ndiye niliyemwaga yale maji. Siku ya maziko alitoka amevaa nyeupe kama watu wote. Ila kwenye mishono, kwenye mikunjo ya kwapa, pale uzi unapobana, nyekundu ilikataa kutoka. Majirani waliona. Hakuna aliyesema neno."

Luan alikaa kitandani. Akauliza, "Ukiifua, inaweza kurudi?"

"Kwa muda tulio nao, hapana."

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Nguo ya filamu tuliitia rangi ya kiwandani, isiyotoka hata kwa patasi. Ilibidi Suyun atie nyingine ya maua, moja tu, na picha zote za harusi zipigwe upya nayo kabla ya kufuliwa. Luan alikuwa ameshapiga harusi ile siku tatu na kuipenda.

"Nipe mpaka asubuhi," alisema.

Asubuhi alimkabidhi Suyun gari la studio na dereva.

Maua yale kwetu huuzwa maduka ya dawa, kwa ajili ya kuchangamsha damu. Suyun alimaliza akiba ya maduka matatu ya mji wa wilaya. Mwenye duka la tatu alimtazama, akaangalia na zile kucha, akauliza kwa upole, "Dada, ni nani anayeumwa nyumbani?"

"Ni bibi harusi," Suyun akajibu, "na ataumwa zaidi."

Alitia rangi kwenye banda la mbuzi kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto. Aliosha maua mpaka manjano yake yote yakaisha, akakamua wekundu kwa maji ya jivu, akautuliza na maji ya matunda machachu yaliyokaushwa, akachovya, akaanika, akachovya tena. Mara nane. Mimi nilishona kwa mkono, mishono ya kubana, kama alivyoniagiza. "Bana, mdogo wangu, bana kana kwamba humwamini anayeivaa."

Harusi ikapigwa upya. Bibi harusi aliruka tandiko la farasi mlangoni, kama ilivyo desturi ya huku. Ile nguo ya kwanza ilikuwa nyekundu ya kupiga kelele. Hii ilikuwa kama imetoka ndani ya mtu.

Luan aliona pia, na akaingiwa na tamaa. "Fundi Geng, tusiifue. Tutafute njia nyingine."

"Njia nyingine ni ipi?"

 Luan akachuchumaa mwenyewe kando ya beseni, akatazama wekundu ukitoka na kuelea ndani ya maji, kwanza kama moshi, kisha maji yote yakawa mekundu na nguo ikawa inafifia. Suyun alibadilisha maji mara sita. Luan alimwomba aache mapema kidogo, ibaki waridi ya kuonekana vizuri, mtazamaji asikose.

"Huyu mwanamke anajitahidi iwe nyeupe," alisema Suyun bila kuinua kichwa. "Anaisugua kwa nguvu zake zote. Tukimwachia makusudi, tumemfanya mwongo."

Alipomaliza, aliipeleka ikiwa bado na unyevu kwa Bibi Hao. Hakueleza kitu. Bibi kizee aliigeuza, akaifungua kwapani, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni.

"Mwaka gani?" aliuliza.

"Sitini."

"Sisi hapa tulikuwa wajane wanne tuliofua." Akaitandaza mapajani mwake. "Yangu niliisugua mpaka ikatoboka. Nikamzika mume wangu na tundu."

Akaenda mezani, akachukua kilemba chake, akajifunga.

Walipiga picha ya maziko siku theluji ilipoanguka. Mjane anapopiga magoti, mkono unanyanyuka, na kwa muda mfupi sana unaona mstari mwekundu hafifu, mwembamba kuliko kamba ya kiatu. Vilio unavyovisikia kwenye filamu si vya kuongezwa baadaye. Bibi Hao alilia mpaka msaidizi akaogopa, na Luan aliposema basi, yeye aliendelea kulia.

Filamu ilitoka, ikasifiwa, ikasahaulika kidogo. Waliozungumzia rangi zake walizungumzia harusi. Mstari ule sikumsikia yeyote akiutaja. Nilimuuliza Suyun kama inamuuma. "Waliotakiwa kuuona waliuona wakati wa kupiga," alisema, na kuendelea kukoroga pipa.

Alistaafu mwaka 2003. Miaka kumi baadaye, Luan akiwa ameshafariki, studio iliamua kuifanyia ukarabati ile filamu kwa kompyuta, nasi wazee wachache tuliobaki tukaitwa kuitazama kabla haijarudishwa kwenye kumbi. Aliyeongoza kazi ile alikuwa mhandisi mwanamke, Pei Ruoning, mwenye sauti ya chini na macho mekundu ya kukesha na picha.

Harusi ilikuwa nzuri. Nilimwona Suyun akitikisa kichwa polepole, ameridhika. Yakaja maziko. Theluji ilimetameta. Mjane akapiga magoti, mkono ukanyanyuka, na nguo yake ilikuwa nyeupe kama chumvi.

Suyun alisimama. "Rudisha nyuma, tafadhali, binti."

Pei akarudisha.

"Mstari uko wapi?"

"Mstari upi, Shangazi?"

"Wa kwapani. Mwekundu."

Pei alielewa, akatabasamu kwa namna ya kumfariji mzee. "Ah, ule. Filamu za zamani zikikaa, zinageuka waridi, Shangazi. Ni ugonjwa wa filamu. Tumeusafisha mwanzo hadi mwisho."

"Filamu ikiugua, inaugua sehemu moja?"

"Hapana. Inaugua yote."

"Basi nionyeshe kabla hujaisafisha. Tazama kilemba cha yule bibi aliye mbele. Tazama na theluji."

Pei alifungua picha ya asili. Kweli, kila kitu kilikuwa na waridi: theluji, kilemba, mbuzi, anga. Akaanza kuondoa waridi ile taratibu, akiipima kwa theluji. Theluji ikawa nyeupe. Kilemba cha Bibi Hao kikawa cheupe. Nguo ya mjane ikawa nyeupe, ila mstari ulibaki pale ubavuni, na mwingine mdogo shingoni ambao hata mimi niliyeushona nilikuwa nimeusahau.

Pei aliondoa miwani. "Kompyuta ilishamaliza kazi yake hapa," alisema. "Huu niliufuta mimi, kwa mkono. Ilinichukua siku mbili. Nilijiona nimefanya vizuri."

"Siku mbili," alisema Suyun. "Mama yangu naye."

Alimsimulia pale pale, kwa maneno machache kuliko aliyompa Luan. Pei hakuandika chochote. Alimuuliza tu kama angeweza kuja kesho yake pia, kwa sababu kulikuwa na rangi nyingine ambazo sasa hakuwa na uhakika nazo. Suyun akaja kesho yake, na kesho kutwa, kwa miezi minne, na chupa yake ya chai. Waligombana sana juu ya rangi ya udongo. Pei alitaka manjano zaidi. Suyun alimtuma apande basi akautazame mwenyewe, na alienda.

Kazi ilipokwisha, Pei alitaka kuliingiza jina la Suyun kwenye orodha ya majina mwanzoni mwa filamu, maana halikuwemo. Watia rangi hawakuandikwa siku zile.

"Kazi yako ni nini?" Suyun alimuuliza.

"Kuirudisha ilivyokuwa."

"Ilivyokuwa, mimi simo."

"Lakini Shangazi, si haki."

"Si haki. Na ndivyo ilivyokuwa. Ukianza kuweka mazuri ambayo hayakuwepo, kesho utaondoa mabaya yaliyokuwepo."

Pei alijaribu tena mara mbili, akakataliwa mara mbili. Mimi nilikasirika kuliko wote wawili, na tulipokuwa tukingoja basi nilimwambia Suyun ni mkaidi kama punda wa Sanyuan. Alicheka, akanishika mkono wa koti langu jipya, akauinua puani.

"Aliyelitia rangi alikuwa na haraka," alisema. "Usilifue pamoja na mashuka."