Mwalimu Aliyeagwa Wiki Moja Kabla ya Safari

Saa moja na nusu asubuhi ya Jumanne, mwalimu anavuka uwanja wa shule akiwa ameinama kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe. Jumamosi aliagwa hapa hapa. Wazazi walikuja, nyimbo zikaimbwa, zawadi zikatolewa, na mwalimu mkuu akahutubia mpaka sauti ikamkauka. Leo yupo tena, na watoto wanamkodolea macho wasijue wamsalimie au wakimbie.

"Mwalimu, si ulishaondoka?" anauliza mmoja.

"Nilishaondoka. Nimerudi kuangalia kama mmefuta ubao."

Wanamwita Mwalimu Robo, kwa jinsi anavyoanza kila somo la hesabu kwa kukunja karatasi mara mbili, zipatikane robo nne. Ana miaka ishirini na saba. Alivuka mipaka miwili kuja kufundisha kwa kujitolea, kwa posho inayotosha nauli na sabuni, na miaka yake miwili imekwisha.

Kilichomrudisha ni uvivu wa kusoma. Barua ya ofisi iliyomtuma ilisema kazi inaisha Ijumaa. Chini yake iliongeza kwamba amepewa wiki nzima ya kufunga mizigo, na mstari huo hakuna aliyeufikia, si yeye wala mwalimu mkuu. Jumatatu asubuhi kundi zima likamsindikiza stendi. Karani akaitazama tiketi iliyokuja na barua hiyo, akamtazama na yeye.

"Dada, hii ni ya Jumatatu ijayo."

Aliyecheka kuliko wote ni mama mwenyeji wake, fundi cherehani, mjane, aliyempa chumba tangu siku ya kwanza. Chumba chenyewe kilikuwa kimeshajaa vitambaa na cherehani ya pili. Ikabidi godoro lisukumwe ukutani, na mwalimu alale ubavu mmoja.

"Machozi yangu niliyamaliza Jumamosi," anasema Mama huku akivuta uzi. "Akiondoka tena atanikuta mkavu. Na wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana miaka miwili. Nimempa vifungo."

Kweli, mbele ya mwalimu kuna mashati kumi na manne ya sare yanayosubiri vifungo. Anashona taratibu, anajichoma, anacheka mwenyewe.

"Nilipougua mwaka wa kwanza, Mama alifunga kazi siku nne akae na mimi," anasema. "Siku nne, na wateja wanagonga mlango. Nitamlipa nini mtu kama huyu? Sina. Nashukuru tu, basi."

Lakini shukrani hiyo ilikuwa na mwiba ndani yake. Alipofika, shule ilikuwa imekaa mihula minne bila mwalimu wa hesabu. Darasa la sita lilikuwa na watoto arobaini na saba na vitabu tisa, na katika mtihani wa kwanza walifaulu sita. Mwaka huu wamefaulu thelathini na mmoja. Hakuna anayeletwa kushika nafasi yake. Aliyepo ni mtunza maktaba, mwanamume mpole mwenye cheti cha ualimu ambacho hajawahi kukifanyia kazi, aliyekuwa akimsaidia darasani. Yeye akishindwa, hesabu imekufa.

"Alikuwa akisimama mbele ya watoto anatetemeka," anakumbuka mwalimu. "Kila akikwama, mimi nainuka, namalizia. Nilidhani namsaidia."

Mwalimu mkuu, mama wa makamo asiyependa mizunguko, alimwekea sharti moja kwa wiki hiyo ya nyongeza. "Wewe tumeshakuaga. Ukitaka kuingia darasani, kaa nyuma, na mdomo uubane."

Jumatano akakaa nyuma. Mtunza maktaba akaandika ubaoni nusu jumlisha theluthi moja. Akajumlisha juu, akajumlisha chini, akapata mbili juu ya tano. Mwalimu Robo alishajiinua nusu kitini, akakumbuka sharti, akaketi. Anasema aliushika ukingo wa dawati kwa mikono miwili.

Ikapita kama dakika nzima. Ndipo msichana wa safu ya pili akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Nusu peke yake ni kubwa kuliko hiyo uliyopata."

Mtunza maktaba akageukia ubao. Kisha akacheka, cheko la mtu aliyetua mzigo. "Kweli, nimeteleza. Hebu njoo utuonyeshe."

Msichana akaja na karatasi yake, akaikunja mbele ya wenzake mpaka vikatoka visehemu sita, akahesabu vitano. Mtunza maktaba akafuta, akaandika upya, akaendelea na somo. Hakutazama nyuma kumtafuta Mwalimu Robo.

"Miaka miwili nilikuwa nampora dakika ile," anasema mwalimu, na hapa anafuta macho bila kujificha. "Wangenipandisha basi Jumatatu ile, ningeondoka na hofu yangu, na nisingejua kosa langu. Namshukuru karani yule. Nawashukuru hawa watoto kuliko wanavyojua."

Kwao anasubiriwa na shule ya msingi yenye darasa kubwa kuliko hili. Mpango wake ni kutafuta mwenzake wa kufundisha naye tangu wiki ya kwanza, na kumwachia chaki mapema. "Najijua, nitawashwa," anasema. "Lakini nitakaa."

Jumatatu, saa mbili na nusu, alipitia shuleni na begi lake, Mama akiwa ameshika upande mmoja. Dirishani alimwona mtunza maktaba amewapa watoto mgongo, anaandika, na vichwa vyote vimeinamia madaftari. Msichana wa safu ya pili aliinua macho, akamwona, akapunga vidole, akarudi kwenye hesabu yake.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshaushika mnyororo wa kengele ili watoto watoke wamsindikize.

Mwalimu Robo akamshika mkono. "Waache, Mkuu," akasema. "Wako darasani na mwalimu wao."