Uso wa Kitindamimba

Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, maana hata msibani hakukosa kifungo kimoja viwili mfukoni. Alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi, ila ulichekesha. Kitindamimba wake alipofariki, ulimi ule ukalala.

Binti alifanya kazi ng'ambo. Waliambiwa homa ilimkamata ghafla, akazikwa hukohuko. Mama alibakiwa na video fupi ya salamu, aliyotumiwa baada ya kumshonea binti gauni na kumpelekea. Binti amekaa dirishani, jua kali nyuma yake. Dirisha linang'aa, yeye kivuli kitupu. Inasikika sauti tu: "Mama, gauni limenikaa kama ulinipima jana!"

Akaipeleka kwa fundi video wa duka la jirani.

"Mwanangu, nitolee uso wake. Nataka picha ya ukutani."

"Mama, penye weusi kabisa simu haikushika kitu. Nikilazimisha zitatoka chengachenga tu. Lakini ngoja nijaribu."

Akapandisha mwanga. Picha yote ikapauka kama iliyomwagiwa majivu. Akaurudisha kidogo, akaongeza kontrasti mpaka cheusi kikaachana na cheupe, kisha akashughulikia sehemu za giza peke yake, polepole. Likatoka sikio. Ikatoka pua. Mama Vifungo akacheka huku machozi yanamtoka.

"Pua ya baba yake hiyo! Nilimwomba Mungu asiirithi."

Kisha yakatoka mashavu, na hayakuwa mashavu bali mifupa. Macho yalikuwa yametumbukia. Fundi akaondoa mkono kwenye kipanya.

"Tuishie hapa, mama?"

"Endelea."

Likaonekana gauni. Mama akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Kiunoni, begani, chini ya kwapa: pini, pini, pini. Kitambaa kimekunjwa mikunjo mipana. Alimshonea kwa vipimo vya zamani, na mwanawe akalibana lisimporomoke, akalipa jua mgongo, akaanza kuongea kwa furaha.

"Homa ya ghafla haimkondeshi mtu hivi," alisema taratibu.

Nyumbani akamwekea mumewe simu yenye picha ile mezani. Mzee alitazama mara moja tu, akageuza uso.

"Baba watoto, ulijua?"

Mzee akaigeuza simu kifudifudi.

"Ulijua."

"Aliniapisha," mzee alisema. "Tangu mwaka jana. Alisema ukijua utafunga duka lako la kushonea umfuate, na wewe una presha."

"Si ningefunga?" Mama Vifungo alijikuta amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. "Si ningefunga, jamani?"

Picha ilitundikwa sebuleni, vilevile ilivyotoka. Mume na mke hawakuachana. Asubuhi Mama Vifungo alimwandalia chai, jioni alimwandalia maji ya kuoga, ila ilipita miezi mingi kabla hajaweza kumwita tena baba watoto.