Mwani Niliobeba Mgongoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilidhani wamenidanganya. Mimi, binti wa wakulima wa Kibumba, kaskazini mwa Goma, nilikuja na diploma yangu ya laborantini, yaani fundi wa maabara, nikitegemea kupima damu na mkojo. Mkuu wa maabara, ambaye wote tulimwita Chef, akanionyesha chupa ya maji ya kijani.

"Mama, usione ni buchafu. Hii ni chakula ya batoto."

Ilikuwa spirulina, mwani mdogo sana unaokaushwa na kutiwa katika uji wa watoto wenye utapiamlo. Chupa ile tuliiita mbegu mama, kwa kuwa mwani wote wa kituo cha lishe cha Majengo ulianzia humo. Kazi yangu ilikuwa kulinda ukoo wake. Kuna mwani mwingine wenye sumu, na kwa macho yote ni kijani tu.

Chef alinifundisha kwa ukali, namshukuru mpaka leo. Unausuuza mwani chumvi itoke, unausaga na kuupasha moto seli zipasuke. Ukimimina alkoli baridi, ADN, yaani maandishi ya ukoo, inajitokeza kama nyuzi za pamba. Mashine inanakili kipande kimoja mara nyingi, nawe unakipitisha kwenye jeli kwa nguvu ya umeme mpaka mistari ionekane. Mwani wa ukoo mmoja hutoa mistari ileile. Jeli yenyewe hutokana na mwani wa baharini. Hata sisi wa Goma, tunaoiona bahari kwenye ramani tu, tuliihitaji. Courant, yaani umeme, ikikatika katikati ya kazi, Chef alisema tu, "Tuanze tena, bila kununa."

Mlima wa volkano ulio juu ya mji wetu ulipotema moto, tukakimbilia mji jirani wa Sake. Spirulina hupenda joto. Baridi yetu huiua. Nikaifunga chupa mgongoni kwa kitenge, mwili wangu uipashe. Kila mara niliitoa ipate mwanga, na watu njiani walinicheka: "Mama, mutoto wako iko kijani!"

Chef akanikuta huko Sake, amechoka vibaya.

"Labo iko wapi sasa?"

"Iko ku mugongo, Chef."

Akakaa chini, akalia.

Tuliporudi, chupa zote za maabara zilikuwa zimekufa. Yangu ilikuwa hai, lakini njiani nilikuwa nimeiongezea maji ya ziwa yaliyochemshwa, na Chef akakataa mtoto yeyote aonje kabla ADN haijasema. Tulikuwa na ADN ya zamani ya mbegu mama, imehifadhiwa ndani ya alkoli. Tukaipitisha sambamba na mpya. Niliogopa kutazama.

"Fungua macho, Mama."

Mistari ilikuwa ileile. Chef akachukua kalamu, akaupa mwani ule jina kwenye chupa: Mugongo.

Sasa niko pensheni. Juzi nilipita kituoni Majengo, nikamwona mama kijana akimlisha mwanawe uji, midomo ya mtoto kijani mpaka mashavuni. Nikamuuliza anampa nini.

"Banaita Mugongo, mama. Sijue juu ya nini banaita vile. Lakini angalia mashavu!"

Nilimwomba nimbebe mtoto kidogo, naye akanifungia kitenge mgongoni.