Honi ya Merepeka

Tangu usichana wake, Merepeka Tautahi hutazama raga akiwa ndani ya gari, pua ya gari ikikaribia kugusa mstari wa chokaa wa uwanja, kama ufanyavyo mji wao mzima. Timu ya mkoa ikifunga trai, bao la raga, magari yote hupiga honi. Hayo ndiyo makofi yao.

Jumamosi hiyo, kabla ya mechi, bwana wa kampuni iliyonunua hisa za timu alitangaza kwa kipaza sauti kwamba msimu ujao magari hayataingia. Vitawekwa viti vya kulipia.

Merepeka akateremsha kioo, akamwita.

"Shangazi, bila pesa zetu timu itakufa," bwana alimwambia.

"Pesa leteni, mwanangu, wachezaji wetu wapate kula. Lakini mmenunua hisa, hamkutununua sisi."

Bwana akacheka, akarudi kwenye kipaza sauti chake. Merepeka akakiegemeza kiwiko kwenye honi. Gari la jirani likaitikia, na la pili yake, hata uwanja mzima ukanguruma na midomo ya bwana ikabaki kuchezacheza bila sauti.

Bwana akamrudia mbio. "Mechi haijaanza. Honi za nini?"

"Trai ya kwanza hiyo," alisema Merepeka, akapandisha kioo.