Siku tulipoziba falaj ya kijiji ili Mama apate pa kuoga

Wakuu, salaam aleikum. Walionizidi umri shikamooni, kama mmebaki. Nyie wengine marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Juzi kuna kijana kapandisha uzi humu analalamika. Kampeleka mkewe na watoto camping, hema limevuja, mke kanuna, likizo imeharibika. Nilicheka peke yangu mpaka mjukuu wangu akaja kuniangalia kama mzima.

Kijana wangu, kanuna tu? Hebu kaa kitako.

Na haya niyaandikayo ni yaliyotokea. Mdogo wangu Khamis yumo humu humu ndani, anasoma kimya kimya kama kawaida yake. Nikiongeza chumvi atanisuta mbele yenu.

Siku hizi nipo Hail, hapa hapa Oman, nimestaafu, nina wajukuu na AC mbili. Lakini ninaowaambia ni mwaka wa sitini na sita au na saba, nilipokuwa na miaka minane. Tulikuwa watoto watatu: mimi Moza, Khamis wa miaka sita, na Tatu ambaye hata maneno alikuwa hajayakamilisha.

Tulihama Unguja kwa sababu mnazozijua, leo siingii huko. Tukafikia Matrah, mji wa bandari huku Oman, chumba na ukumbi juu ya ghala la mchele. Baba alikuwa karani wa mwenye ghala.

Sasa Baba wakuu, babu yake alitoka Oman. Kwa hivyo kila kitu cha Oman yeye anakijua. Mlima ule anaujua, upepo huu anaujua, tende hii anaijua jina. Alikuwa hajawahi kuikanyaga nchi hii kabla ya meli iliyotuleta, lakini anaijua!

Mama alikuwa hana raha hata chembe. Kiarabu chake ni cha kusalia tu. Majirani akawasalimia, wakamjibu, basi mazungumzo yakaishia hapo. Joto likimpiga, na usiku mlango wa mji unafungwa kama kabati.

Na Mama alikuwa mtu wa kucheka jamani. Unguja wakimsikia mpaka vibaraza vya mtaa wa pili. Matrah tulikaa mwaka mzima hatukumsikia hata mara moja.

Jioni moja tukamsikia anamwambia Baba, "Bwana, mie nnakwenda Mombasa kwa dada. Nnachukua wanangu. Meli ijayo. Wewe baki na milima ya babu yako."

Baba akasema, "Nipe siku tatu, Zuhura. Watu wa Matrah wote sasa wanatoka, wanakwenda mashambani kwenye tende. Na sie twende tukapige dago, tulale hemani. Siku tatu tu. Ukirudi na moyo bado uko Mombasa, tikiti nitakukatia mie mwenyewe."

Mimi na Khamis tulikuwa nyuma ya pazia. Tukatazamana.

Pale likizo ikageuka mtihani. Tuna siku tatu za kumfurahisha Mama, tukishindwa tunapanda meli na Baba anabaki.

Basi tukapakia lori la mchele. Turubai la kufanyia hema, mikeka, sufuria, ndoo, birika, jiko la mkaa, kigodoro cha Tatu. Mama akapakia na mbuzi yake ya kukunia nazi. Baba akamuuliza, nazi utaipata wapi huko? Mama akajibu kwamba vitu vyake anataka viwe karibu naye, na alivyolisema neno hilo hatukupenda.

Tukafika kijiji kimoja nyuma ya Bausher. Lami wapi wakati huo! Tulishuka weupe kwa vumbi, sote tumekuwa wazee. Wenye kijiji wakatupa ruhusa tukae chini ya mitende, mwisho wa mashamba upande wa mlimani.

Hema la Baba lilianguka mara tatu. Mara ya tatu Khamis alikuwa ndani. (Khamis, usikatae.)

Siku ya kwanza ikapita hivyo. Mama kakaa mkekani anajipepea, anaangalia mawe. Khamis akamchezea ngoma ya sufuria, mimi nikamtafutia tende zilizoiva, Tatu akamletea mjusi. Mama akasema asanteni wanangu, na akarudi kuangalia mawe.

Siku ya pili asubuhi, nilipokwenda kuosha vikombe, nikapata wazo.

Hapo jirani na hema ulikuwa unapita mfereji mwembamba wa mawe na chokaa. Ndiyo falaj yenyewe. Maji yake yanatoka chini ya mlima, safi, unaona mpaka vijisamaki, na yanatiririka kwenda shamba moja hadi jingine. Leo mtoto yeyote wa shule hapa atakwambia kwamba falaj kila tone lina mwenyewe. Kila mwenye shamba ana zamu yake, na yupo mzee maalumu, wakili wa falaj, anayepima zamu hizo kwa kivuli cha kijiti juani.

Sisi tungejua nini? Tumetoka kwenye mvua na mito. Kwetu maji ukiyakuta, unaingia.

Nikamwambia Khamis, tumzibie Mama maji hapa yajae, apate pa kuoga. Tukaanza kupanga mawe.

Baba akatuona. Sasa si ndiye mjuzi wa Oman? Nikadhani atasema kitu. Akakunja kanzu mpaka magotini akasema, "Hapo wekeni jiwe kubwa."

Wakuu, tulijenga! Tuliweka mawe, tukakandika udongo, maji yakapenya. Tukaongeza kigodoro cha Tatu, yakapenya kidogo. Baba akang'oa turubai, yaani hema lenyewe, akalikunjakunja akalisindilia pale. Yakasimama. Yakapanda, yakamwagika pembeni kwenye bonde dogo la udongo mgumu, na ilipofika saa nne tuna ziwa letu wenyewe.

"Mama njoo! Mama njoo!"

Akaja. Akatia kidole cha mguu. Akatuangalia tulivyochafuka kwa udongo, na Baba kanzu imeshikamana na mapaja. Halafu akaingia na nguo zake zote akakaa. Maji yakamfika kiunoni.

Akacheka.

Kicheko kile kile cha Unguja, cha kutupa kichwa nyuma. Tatu akaanza kupiga makofi. Khamis akalia, na aseme sivyo. Baba akanikonyeza jicho. Mimi nikajua Mombasa imekwisha, nikajirusha majini kwa furaha nikameza nusu ya ziwa.

Tukiwa katika raha hiyo, nikaona mtu anapanda kando ya mfereji.

Alikuwa mzee mwenye fimbo, kainama, anachungulia mfereji mkavu hatua kwa hatua, kama anayetafuta pete iliyodondoka. Nyuma yake bibi mwembamba aliyevaa barakoa ya wanawake wa huku, macho tu yanaonekana. Nyuma ya bibi, watoto wa kijiji kizima.

Mzee hakupiga kelele. Aliangalia mawe, akaangalia godoro, akaangalia turubai. Mwisho akamwona Mama, akageuza uso haraka akawa anaongea na mtende.

Baba akaanza kujitambulisha, mimi babu yangu alikuwa fulani bin fulani, wa kabila fulani.

Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza, "Na babu yako hakukwambia kuhusu falaj?"

Baba akainama, akawa anaikunjua kanzu yake taratibu. Sijapata kumwona hivyo tena.

Mama, bado kakaa majini, akanigeukia. "Moza, wewe mzururaji wa vichochoroni, unawaelewa. Wanasema nini?"

Nikawa mkalimani wa kesi yangu mwenyewe.

Mzee alikuwa anasema hivi. Bibi yule ni Zayana, mjane. Ana mindimu sita michanga na kipande cha majani ya mbuzi wake. Asubuhi ile ilikuwa zamu yake, kangoja maji, hayakuja. Sasa kivuli kimeshapita alama, zamu ni ya mtu mwingine, na ya mtu hainyang'anywi. Yake inarudi siku ya nane. Jua lile, mindimu michanga, siku nane!

Nami nilijua nikifasiri, kicheko kimekufa na meli imerudi.

Nikasema, "Wanauliza tumelalaje."

Mama akamtazama yule bibi. "Mtu hatoki kwake na macho yale kuja kuuliza watu wamelalaje. Sema."

Nikasema yote.

Uso wa Mama ukabadilika. Akasimama, maji yanamchuruzika, akajitanda kanga yake vizuri. Nikaiona Mombasa mbele yangu. Khamis akanishika mkono kwa nguvu.

Mama akauliza, "Maji yake yako wapi?"

"Haya hapa, Mama. Ulikuwa umeyakalia."

"Basi mwambie hayajaenda popote. Nyie bomoeni ukuta wenu, huyo wa zamu apate haki yake. Haya ya hapa ni ya bibi. Tutampelekea."

Nikafasiri. Yule mzee, kumbe ndiye wakili wa falaj, akakuna ndevu. Akafikiri, akamwangalia Bibi Zayana, akafikiri tena. Mwisho akasema maji yaliyotoka mferejini kwa zamu yake ni yake, na namna ya kuyafikisha si kazi ya falaj.

Eeeh! Hapo sasa.

Kutoka ziwani mpaka mindimuni ni mwendo wa kutosha, na mteremko wenye mawe. Mama akachukua ndoo, Baba sufuria kubwa, mimi birika, Khamis sufuria ya wali. Tatu akapewa kikombe, akifika kule kimebaki cha kulowesha kidole, naye anakimwaga kwa adabu zote.

Mwanzo watoto wa kijiji walisimama kutucheka. Baadaye mmoja akaenda kwao akarudi na ndoo. Halafu wa pili. Halafu ikawa mashindano, nani anamwaga kidogo njiani, na kelele zake sikwambii. Sijawahi kufurahia adhabu namna ile.

Bibi Zayana alisimama kati ya mindimu yake anaelekeza kwa kidole. Hapa, si pale. Polepole, utafukua mizizi. Yeye anasema Kiarabu, Mama anamjibu Kiswahili.

"Nimeona bibi, nimeona, mie si kipofu!"

Bibi naye anajibu sijui nini. Wakagombana hivyo kwa raha zao, hata mimi wakaacha kuniuliza.

Baba, sufuria kichwani, akateleza. Akashuka mteremko wote kwa makalio, sufuria kaishika juu, maji hayakumwagika. Akafika miguuni kwa Bibi Zayana akampa.

Bibi akapasuka kucheka. Mama akamshika bega asianguke, naye hoi. Wakawa wanashikana, mmoja akinyamaza mwingine anaanza.

Mpaka adhana ya alasiri tulikuwa tunachota matope. Mindimu yote sita ilishiba. Majani ya mbuzi yalikosa, siwadanganyi, upande mmoja yaliungua.

Bibi Zayana akamvuta Mama mkono mpaka kwake. Akavua barakoa, kumbe wala si bibi, makamo ya Mama tu! Akatia kahawa, akaweka tende. Mama alikuwa hajaingia nyumba ya mtu kukaa tangu tushuke melini. Alikaa mpaka magharibi.

Siku ya tatu lori likaja. Tukapakia. Hema limekuwa tope, godoro la Tatu ndiyo usiseme.

Baba akasimama mbele ya Mama, anaangalia viatu vyake. "Haya Zuhura. Siku tatu zimekwisha. Nikate tikiti?"

Mimi na Khamis tukatazamana.

Mama akauliza, "Zamu ya Zayana inarudi lini?"

"Wiki ijayo."

"Basi meli isubiri. Nnataka niwepo niyaone maji yakifika. Sitoki nchi hii na mindimu ya mtu shingoni."

Wiki iliyofuata tukarudi na lori lile lile. Maji yalipoingia shamba la Zayana, Mama akapiga vigelegele peke yake, wenyeji wakamshangaa. Meli ikaenda. Kabla ya meli nyingine, Mama akasema lazima akaone kama mindimu imeshika. Halafu lazima aone kama imetoa maua. Ikawa hivyo, kila meli inayokuja Mama ana zamu ya maji ya kwenda kuangalia, mpaka Baba akaacha kuuliza habari za tikiti.

Nilichojifunza wakuu ni hiki. Matrah tulikaa mwaka mzima kwa adabu, hatukumgusa mtu, na hatukuwa na mtu. Kule tulimkosea Zayana, na Mama akapata pa kurudi. Sisemi mwende mkazibe falaj za watu, mtafungwa! Nasema ukikosea ugenini, usikimbie. Chukua ndoo.

Na wewe kijana wa hema, mkeo kanuna kwa sababu ya hema kweli? Muulize vizuri.

Haya, nani mwingine kaharibu kitu cha watu akiwa mgeni? Njooni mseme bila haya. Na mwenye kutaka kunitukana kwa ule mfereji aje taratibu, nilikuwa na miaka minane, na aliyeleta turubai ni Baba.