Picha ya Bibi Melania kwenye Mfuko wa Mchele

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa koti jeupe lililonizidi kimo, kalamu, na kipima unyevu. Kipima unyevu ni kifaa kidogo unachotilia punje za mpunga ili ujue zimebaki na maji kiasi gani. Mpunga wenye maji mengi huota ukungu ghalani, na uliokauka kupita kiasi hukatika mashineni ukatoka chenga tupu. Mkuu wa Ghala, mzee wa Kipogoro kutoka Mahenge kama mimi, alinisimamisha mlangoni pa kinu cha kampuni ya mchele pale Ifakara akaniambia, "Binti, hapa watakulilia. Yupo atakayekuapia kwa Bikira Maria kwamba mpunga wake umekauka. Wewe soma kifaa, useme kilichosomeka. Basi."

Nilifanya hivyo miaka mingi na nilijivuna kweli kweli. Wakulima walinichukia asubuhi, jioni wakanipa pole. Nayasema haya mapema ili vijana mnaonisoma mjue kwamba sikuanza kazi nikiwa mwongo. Uongo nilikuja kuufundishwa baadaye, tena kwenye semina, kwa chai na maandazi.

Kutoka kinuni nilipelekwa Chita, kwenye kituo cha kununulia mpunga. Mkuu wa Kituo alinifundisha kuusoma mpunga bila kifaa: kung'ata punje, kunusa gunia, kutazama kucha za aliyeuleta. Nilipopata ruhusa ya kwenda nyumbani Kibaoni, pale pale Ifakara, nilipanda gari la kuja Ifakara, na njiani nilishuka Mchombe kununua mchele wa kula. Muuzaji wangu alikuwa mjane wa Kindamba aliyelima ekari tatu, na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alimwita Bibi Melania.

Bibi Melania hakutumia dawa ya magugu. Alipalilia kwa mkono yeye na wanawe, mgongo umepinda kutwa nzima. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajitesa wakati dawa ipo dukani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo.

"Mlenda nachuma wapi? Si humo humo kwenye matuta ya majaruba. Na perege? Si humo humo kwenye maji. Nikipiga dawa, mwanangu, huo wali nitaula na nini?"

Hakuwa na hotuba nyingine zaidi ya hiyo. Hakujua kwamba mjini kuna watu wanaotafuta chakula cha namna yake na kukipa majina marefu. Alikuwa na wateja wake wa Ifakara, walimu, wauguzi, familia zenye wagonjwa, na wote walimfuata kwa jina lake tu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Baadaye nilihamishiwa shamba kubwa la kampuni, nje ya Ifakara, niwe karani wa dawa. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika daftarini kila dawa iliyopigwa, jaruba gani, siku gani, na kuhesabu siku za kungoja, yaani siku zinazotakiwa kupita kati ya kupiga dawa na kuvuna. Bwana Shamba Mkuu, Msukuma mmoja mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa mtu mnyoofu. "Andika tulichopiga," alinguruma. "Usiandike tulichotamani kupiga!" Tulipiga nyingi. Mashamba yalikuwa makubwa, magugu hayangoji mtu, na mifereji yetu yote ilitelemkia mtoni.

Jambo moja hapo shambani lingetosha kunifumbua macho, lakini nililiona la kawaida. Kila mwisho wa mwezi gari la kampuni lilikwenda Mchombe kutuletea mchele wa kula. Kuanzia meneja hadi mlinzi wa geti, hakuna aliyepeleka nyumbani mchele wa shamba letu. Tuliulima, tukaufungasha, tukausafirisha, kisha tukala wa Bibi Melania na majirani zake. Hata aibu hatukuona. Sisemi mchele wetu ulikuwa sumu. Watu waliula na sijasikia aliyeanguka. Ninachosema ni kwamba sisi tulioujua tulichagua mwingine.

Ndipo akaja Meneja Uendelevu. Uendelevu maana yake ni kulima leo bila kuiharibu kesho, na neno lenyewe sina ugomvi nalo. Alikuwa kijana mpole, msomi, mwenye shikamoo ya kila asubuhi, na alitukuta na tatizo: wanunuzi wa mijini walianza kuuliza mchele unalimwaje. Alitupa semina ya siku mbili. Tulipotoka tulikuwa na mfuko mpya wenye jani la kijani na maneno "Umelimwa kwa Kuheshimu Bonde." Shambani hakikubadilika kitu isipokuwa barabara moja.

Barabara hiyo tuliiita njia ya wageni. Kando yake tulitenga majaruba machache ya kupalilia kwa mkono, tukapanda miti, tukatundika mizinga kumi ya nyuki. Nyuki wenyewe walikwishahama zamani, lakini mkaguzi wa wanunuzi aliye ndani ya gari haoni mzinga mtupu. Bwana Shamba Mkuu alipoiona mizinga ile alicheka hadi akakohoa, halafu akaandika barua ya kupinga. Mwezi uliofuata alistaafishwa kwa heshima zote. Mimi nilipandishwa cheo nikawa Afisa Ubora, na kazi yangu kubwa ikawa kuwatembeza wageni. Mkaguzi akiniuliza, "Hapa mnapalilia kwa mkono?" nilijibu, "Ndiyo, hapa tunapalilia kwa mkono." Nilijiambia sijadanganya. Mtu mzima anaweza kujidanganya hivyo kwa miaka, akalala usingizi mzuri tu.

Siku moja Meneja Uendelevu aliniita. "Mama, mfuko unataka uso. Tutafutie mkulima halisi, mama mtu mzima, ambaye mtu akimtazama tu anamwamini. Na tutanunua mpunga wake na wa majirani zake."

Sikuhitaji kufikiri. Nilikwenda Mchombe mwenyewe na mpiga picha. Bibi Melania alivaa kitenge chake cha kanisani, akasimama katikati ya mpunga uliokomaa, akakataa kucheka kwa sababu hakuona cha kuchekesha. Picha ikatoka nzuri mno. Kisha nikamtolea karatasi ya kutia saini.

"Inasemaje hiyo?"

"Inasema umekubali kupigwa picha, na kampuni itanunua mpunga wako, bibi."

"Wewe umeisoma?"

"Nimeisoma."

Nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza. Zilikuwa kurasa nne. Akatia saini kwa sababu mimi ndiye niliyesema, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma kuliko mizinga yote mitupu.

Msimu wa kwanza lori la kampuni lilifika Mchombe likabeba magunia. Msimu wa pili halikufika. Ilionekana ni shida kuukusanya mpunga wa vikataa vidogo vidogo wakati shamba letu lilikuwa limejaa. Lakini mfuko uliendelea kutoka kiwandani, na uso wa Bibi Melania ukauzwa hadi Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na mchele wetu, wa dawa zetu, na yeye nje amesimama pale na kitenge chake.

Alikuja ofisini kwangu Ifakara asubuhi moja, mfuko ameukunja ndani ya kanga. Nikamwamkia, akaitikia, akaukunjua mezani.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, bibi."

"Mchele uliomo ni wa nani?"

Nikaugeuza mfuko, picha ikatazama meza. Akasema mwalimu mmoja, mteja wake wa miaka mingi, aliuona mfuko dukani akaununua akidhani amerahisishiwa safari. Mchele haukuwa na harufu nzuri aliyoizoea. Mwalimu akatangaza kwamba Bibi Melania ameingia kwenye biashara ya watu wakubwa, naye sasa anapiga dawa na kuchanganya. Wauguzi wakasikia. Wateja wakaacha kuja, mmoja baada ya mwingine, bila kumuuliza lolote.

"Mimi sina mashine, sina duka," akasema. "Nina jina tu. Jumapili watu wakitoka misa, njoo pale kanisani Mchombe useme mchele huu si wangu. Wewe ni mtu wa kampuni, watakusikia. Sitaki kingine."

"Ngoja niongee na meneja, bibi."

"Ongea naye. Jumapili nitakungoja."

Meneja Uendelevu alinisikiliza vizuri, akaniletea kiti. "Mama, picha alishaisaini. Ukurasa wa tatu, kampuni inaitumia itakavyo. Ukisimama kanisani ukasema hayo, utakuwa umesimama kinyume na mwajiri wako. Na wewe umebakiza miaka miwili ustaafu. Sikutishi, nakushauri."

Jumapili ile nilikwenda misa Kibaoni, karibu na nyumbani. Nilikaa benchi la nyuma. Sikumbuki padri alihubiri nini. Nilijua saa ngapi misa ya Mchombe inakwisha, na niliitazama saa mpaka ikapita. Niliogopa, basi. Sina neno zuri zaidi la kuwapa.

Nimestaafu sasa. Kampuni ilikwishauzwa, mfuko ule haupo madukani, ipo mifuko mingine yenye majani ya kijani zaidi. Vijana wanaojua kazi niliyofanya huniuliza mtu atajuaje chakula cha kuaminika. Huwaambia jani lililochorwa halipaliliwi na mtu. Muulize muuzaji kama yeye mwenyewe anakula anachokuuzia, kisha nenda umkute anakula. Ukikaribishwa shambani, shuka garini. Toka kwenye njia uliyoonyeshwa, tazama maji ya jaruba la mbali kama yana samaki, tazama kama kuna mwanamke anachuma mboga tutani. Watu hupenda jibu fupi kuliko hilo, na mfuko hukupa jibu fupi.

Mwaka huu baada ya mavuno nilijipa moyo nikaenda Mchombe. Bibi Melania amezeeka lakini bado analima. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha na kusema lile nililoshindwa kulisema.

"Uliloshindwa ulishashindwa," akasema. "Inuka. Njaa huna?"

Akanipakulia wali na perege wa kuchoma, tukala pamoja, akaniuliza habari za wajukuu. Harufu ya ule wali ilinitoa machozi mbele yake. Nilipomaliza nikatoa mfuko niliokuja nao, nikamwomba aniuzie debe moja tu.

Akatikisa kichwa.

"Kula, utakula kila ukija. Kukuuzia, hapana. Wamerudi wateja wanne tu, mwanangu, na nimewapata kwa shida. Wakikuona wewe unatoka hapa na mchele wangu, watasema nimeungana tena na wale."

Hakuwa na hasira. Nikamuaga, nikaenda kituoni kungoja gari la Ifakara, mfuko mtupu mkononi. Kulikuwa na watu wengi pale, wengine na magunia yao. Mama mmoja mgeni, aliyekuja kutafuta mchele, akanitazama.

"Pole, dada. Mchele umeukosa?"

"Upo," nikamwambia. "Nenda kwa Bibi Melania, nyumba ya tatu baada ya kanisa. Hapigi dawa, wala hajawahi kupiga. Mimi ndiye niliyenyimwa."

"Umemfanya nini?"

Watu wakageuka. Nikasimama, nikaanza kumweleza, kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwa pale kituoni.